Makumi na Mamoja: shajara ya kitabu cha kanuni

8 Februari

Nimeanza leo, baada ya kulibeba wazo hili kichwani tangu mwaka jana. Nataka kutoa kitabu cha kanuni za mchezo wa kuigiza wahusika, kwa Kiswahili, mchezo unaoendeshwa kwa asilimia. Kisizidi kurasa 24 za A5, yaani karatasi sita za A4 zilizokunjwa na kubanwa pini katikati. Kitoke kwenye mashine ya fotokopi bila herufi kufifia. Na mtu ambaye hajawahi kuuona mchezo wa aina hii aweze kuucheza jioni ileile aliyokipata.

Kwa msomaji mgeni: watu wanne watano wanakaa mezani. Mmoja ni msimulizi, anaeleza mahali na yanayotokea. Kila mmoja wa waliobaki ana mhusika wake, na anasema mhusika huyo anafanya nini. Jambo likiwa na shaka, dadu zinaamua. Kwenye karatasi ya mhusika imeandikwa, kwa mfano, Kuogelea 45. Unatupa dadu mbili za pande kumi, moja ya makumi na moja ya mamoja, unapata namba kuanzia 1 hadi 100. Ukipata 45 au chini yake, mhusika ameogelea. Ukipata zaidi, bahari imemshinda.

Michezo ya namna hii ina ukoo wake. RuneQuest ya mwaka 1978, iliyotolewa na Chaosium huko Marekani, ndiyo iliyouweka mtindo huu wa kila ujuzi kuwa na asilimia yake. Mwaka 1980 kanuni zile zilichujwa zikawa kijitabu cha kurasa 16, Basic Role-Playing, na mwaka 1981 Sandy Petersen akajenga juu yake Call of Cthulhu, mchezo wa kutisha ambao hadi leo unachezwa. Toleo la 2023 la Basic Role-Playing limetolewa kwa leseni ya ORC, inayoruhusu mtu yeyote kuzichukua kanuni zake na kujenga kitu chake. Ndipo nilipopata mlango. Lakini kipimo changu ni kile kijitabu cha kurasa 16, kwa sababu ukoo huu umenenepa sana tangu wakati ule.

Kwa nini asilimia? Kwa sababu mtoto wa darasa la saba tayari anajua asilimia 45 ni nini. Kwenye michezo mingine karatasi inakuambia una "+3", nawe huna budi usome kitabu ili ujue kama +3 ni heri au ni balaa. Asilimia inajieleza kabla kitabu hakijafunguliwa. Naiona hiyo kuwa zawadi kubwa ambayo mbunifu wa kanuni anaweza kupewa bure, na inaniumiza kuona vitabu vinavyoipokea zawadi hiyo kisha vinaifunika kwa majedwali. Kwa hiyo kila kanuni nitakayoiongeza nitaiuliza swali moja: inaiacha namba wazi, au inaificha?

15 Februari

Dadu za pande kumi hazipatikani hapa Tanga. Nimezunguka maduka ya vifaa vya michezo na nilichopata ni dadu za ludo tu, pande sita. Kuagiza nje kunawezekana, ila kitabu kinachomtaka mtu aagize kitu nje kabla ya kucheza kimeshashindwa ukurasa wa kwanza.

Jibu nimelipata kwenye karata. Kila nyumba ina karata. Toa kopa kuanzia ree hadi kumi, toa shupaza kuanzia ree hadi kumi, uweke mafungu mawili. Kopa ni makumi, shupaza ni mamoja. Ree ni 1, kumi inasomwa 0. Vuta moja huku na moja kule: kopa nne na shupaza saba ni 47. Kumi mbili ni 100. Hesabu ni ileile kabisa ya dadu mbili, mradi karata zirudi na zichanganywe kila mara.

Hilo la kurudisha si dogo. Nilijaribu na mpwa wangu, tukasahau kurudisha. Mara ya tano akachungulia zilizokwisha toka, akakataa kumrusha mhusika wake majini. "Mjomba, kopa ndogo zote zimeshaisha." Alikuwa sahihi. Asilimia 45 iliyoandikwa kwenye karatasi yake haikuwa 45 tena. Kwa hiyo kanuni ya kurudisha karata imeandikwa kwa herufi nzito, na ni moja ya sentensi nne tu zenye herufi nzito kitabu kizima.

Kuna faraja katika historia pia. Wachezaji wa mwanzo kule Marekani hawakuwa na dadu za pande kumi; walitumia za pande ishirini zilizoandikwa 0 hadi 9 mara mbili. Mchezo ulianza na kilichokuwepo mezani.

2 Machi

Jaribio la kwanza la kweli. Wachezaji watatu: mpwa wangu wa miaka 14, jirani yetu fundi cherehani, na baba mdogo, ambaye amevua samaki maisha yake yote na sasa magoti yamemtaka apumzike. Mimi msimulizi. Wahusika ni mabaharia wa jahazi linalotoka Pemba na karafuu wakati wa kaskazi.

Mpwa wangu alitaka mhusika wake apande foromali, ule mti unaoshikilia tanga, kufungua kamba iliyonasa. Kupanda, 50. Akavuta kopa tisa. Akavuta shupaza saba. Akaruka juu ya kiti kwa furaha: tisini na saba! Fundi naye akapiga makofi. Ikabidi mimi ndiye niwaambie kwamba baharia ameteleza.

Nililitazama lile tabasamu likizimika na sijaacha kulifikiria. Watu hawa wamekua na ludo, ambako sita ndiyo kila kitu. Mikono yao inajua kwamba namba kubwa ni njema. Na kanuni yangu, kama nilivyoiandika, ilisema: "Ukipata namba iliyo sawa na au ndogo kuliko kiwango chako cha ujuzi, umefaulu." Sentensi hiyo haina kosa la kisarufi, lakini hakuna binadamu anayesema hivyo.

Fundi ndiye aliyeniokoa bila kujua. Saa moja baadaye mpwa wangu alivuta 31 kwenye 50, na fundi akasema, "Hiyo imeingia." Kama mpira golini. Nikaiandika palepale. Kanuni sasa inasema: "Namba ikiingia ndani ya asilimia yako, umefaulu. Ikipita, umeshindwa." Imeingia, imepita. Tangu aliposema hivyo hakuna aliyechanganyikiwa. Asilimia imekuwa goli lenye upana wake, na mwenye 70 ana goli pana kuliko mwenye 30.

9 Machi

Wiki nzima nimekaa na majedwali.

La kwanza ni lile maarufu la kushindanisha nguvu, lililorithishwa tangu enzi za RuneQuest. Namba za mshambuliaji juu, za mpinzani pembeni, safu kwa safu, na penye makutano kuna asilimia. Linajaza ukurasa. Sasa lisome kwa utulivu utaona lina sentensi moja tu ndani yake: anza na 50, ongeza 5 kwa kila pointi unayomzidi mwenzako, punguza 5 kwa kila pointi anayokuzidi. Nguvu 13 dhidi ya 10 ni 65. Ukurasa mzima wa vijisanduku kwa sentensi moja ambayo ingekaa kichwani! Mchana kazi yangu ni kupanga kurasa za vitabu vya shule, na hili ndilo kosa ninalolipigania kila siku: jedwali humfanya mwandishi aonekane amefanya kazi, huku msomaji akinyimwa kanuni yenyewe.

Kwangu nimelitoa. Wawili wakishindana, kila mmoja anavuta. Iliyoingia inaishinda iliyopita. Zote zikiingia, kubwa ndiyo mshindi. Kunyata 60 amevuta 52, Sikio 40 amevuta 31: mnyatiaji amepita salama. Mwenye ujuzi mkubwa ananufaika bila hesabu yoyote, kwa sababu goli lake linapokea namba ambazo mwenzake haziwezi. Njia hii si yangu. Michezo kadhaa ya asilimia inaitumia, Mythras na Eclipse Phase zikiwemo. Nami nimeipenda zaidi kwa kuwa inairudishia namba kubwa heshima yake. Pale mezani sasa wanasema "kubwa, lakini isipite", na wanavuta karata ya pili taratibu kwa kitete.

La pili ni ufanisi wa pekee, pale mtu anapofaulu kupita kawaida. RuneQuest inakata ujuzi wako kwa tano na kwa ishirini. Kwenye 45, hiyo ni 9 na 2. Toleo la saba la Call of Cthulhu, la mwaka 2014, lilitaka kuwaondolea wachezaji hesabu hiyo, likaweka kwenye karatasi nusu na sehemu ya tano kando ya kila stadi: 45, 22, 9. Nawaelewa, na mezani inafanya kazi. Lakini stadi ni zaidi ya arobaini, kila moja na namba tatu, na karatasi ikawa kama daftari la duka. Yule mgeni tuliyemwahidi namba moja iliyo wazi sasa anatazama mia na zaidi.

Nimechukua njia ya namba pacha: 11, 22, 33 na kuendelea, inayotumika kwenye Eclipse Phase na Delta Green. Karata zote mbili zikilingana na namba imeingia, umefaulu kwa namna ya kusimuliwa. Zikilingana na namba imepita, mambo yameharibika zaidi ya kawaida. Mwenye 45 ana pacha njema nne na mbaya sita, maana 100, yaani kumi mbili, nayo ni pacha. Mwenye 80 ana njema saba, mbaya tatu. Ujuzi ukipanda, heri inaongezeka na balaa inapungua, na hakuna aliyegawanya chochote. Macho yanaona kopa tatu na shupaza tatu, basi.

Lipo pia tawi lingine la ukoo ambalo sikulifuata. Arms Law ya mwaka 1980, mbegu ya Rolemaster, hutumia dadu hizohizo, lakini unajumlisha ujuzi na namba uliyopata kisha unasoma jedwali la silaha yako dhidi ya aina 20 za deraya. Kazi ile ni kubwa na wapo wanaoipenda kwa dhati. Ila pale namba imeacha kuwa asilimia. Huwezi kuangalia karatasi ukajua una nafasi gani, na kwangu hilo ndilo jambo lenyewe.

16 Machi

Nakala ya kwanza ya fotokopi imetoka mbaya. Nilikuwa nimeweka rangi ya kijivu nyuma ya mifano ili itofautiane na kanuni. Mashine ya steshenari imeigeuza kijivu kuwa madoadoa meusi na mifano miwili haisomeki kabisa. Nimeondoa kijivu chote. Mifano sasa ina mstari mmoja wima pembeni. Herufi nimezipandisha kutoka pointi 9 hadi 10, na kwa ajili hiyo nimekata historia ya dunia ya mchezo, kurasa mbili na nusu. Sijaikosa.

23 Machi

Lugha.

Kiingereza kina tabu moja kwenye vitabu hivi: waandishi hubadilishana viwakilishi vya kiume na vya kike ili msomaji ajue ni msimulizi au mchezaji anayetajwa. Kiswahili hakina jinsia kwenye kiwakilishi, na hilo ni pumziko. Ila tabu yetu iko kwingine. "Akishindwa, anavuta tena." Nani? Mhusika ameshindwa, lakini anayevuta karata ni mchezaji, na wote ni "a-". Nilihesabu sentensi kumi na tisa za namna hiyo kwenye rasimu yangu. Sasa nimeamua: mchezaji ni "wewe" kila mahali, mhusika ni "mhusika wako", msimulizi anatajwa kwa cheo chake. "Mhusika wako akishindwa, unaweza kuvuta tena." Nimepitia kitabu kizima kwa kalamu nyekundu, sentensi kwa sentensi.

Majina ya stadi yalinichukua muda zaidi. Rasimu ya kwanza ilikuwa na "Kutambua Vilivyofichwa" na "Uwezo wa Kushawishi". Ni tafsiri, zinanuka tafsiri, na hazitoshi kwenye safu ya sentimita tatu. Sasa karatasi inasema Jicho, Sikio, Ulimi, Mkono, Kunyata, Kupanda, Kuogelea, Kamba, Nyota, Dawa. Stadi kumi na nne tu kwa jumla. Fundi alipoiona "Ulimi 65" akacheka, akamwambia mpwa wangu, "Mimi ndiye nitakayezungumza na watu wa forodha." Hakuniuliza Ulimi ni nini. Jina lilikuwa limeshafanya kazi ya aya nzima.

Ninapochoka huwaza Uswidi. Mwaka 1982 walitoa Drakar och Demoner, uliotokana na kanuni hizihizi za Chaosium zikiwa kwa Kiswidi, na watoto wengi wa kule wakaufahamu mchezo wa aina hii kwa lugha yao wenyewe. Walianza na tafsiri, wakaishia na kitu chao.

6 Aprili

Baba mdogo amenisema, na alikuwa na haki.

Mhusika wake, mvuvi wa miaka hamsini, aliogelea mita chache kutoka jahazini hadi kwenye mtumbwi, bahari shwari. Nilimwambia avute. Kuogelea 40. Akapata 63. Akaweka karata mezani pole pole. "Mwanangu, mvuvi gani huyu anayezama kwenye maji ya kiuno?"

Hili ndilo gonjwa la zamani la michezo ya asilimia. Viwango vya kuanzia ni vidogo. Kwenye Call of Cthulhu toleo la saba, asiyejifunza kuogelea ana 20, kusikiliza 20, kuona kilichofichika 25, na hata aliyejifunza mara nyingi huanza kwenye hamsini. Kwa hadithi ya karani wa mjini anayekutana na jinamizi hizo namba zina maana yake, kwa kuwa hofu imejengwa humo. Kwa baharia anayefanya kazi yake ya kila siku, ni matusi.

Nilidhani dawa ni kuongeza namba. Nikajaribu 60 hadi 80 kwa kila kitu, na mchezo ukapoteza shaka, kila kitu kikawa kinaingia. Dawa ni swali la lini karata zivutwe. Kanuni mpya, ukurasa wa 4, kabla ya kanuni nyingine yoyote: "Mhusika wako akifanya kazi anayoijua, kwa utulivu, bila wa kumpinga, amefanya. Usivute. Vuta pale tu ambapo kushindwa kutaleta hadithi." Asilimia 40 ya Kuogelea si uwezo wa kuogelea siku ya kawaida. Ni nafasi yake usiku, kwa upepo, mtu mwingine akiwa amemshika shingo. Vitabu vingi vinalisema hili, ila vinalisema mbali sana, kwenye sura ya msimulizi, baada ya msomaji kuwa ameshajifunza kutupa dadu kwa kila hatua. Mpangilio wa kurasa nao ni kanuni. Kinachosomwa kwanza ndicho kinachotawala meza.

Nilimsomea baba mdogo ile sentensi. Akauliza, "Na kufua maji ya ngama?" Nikasema kukiwa shwari havuti. Chombo kikiwa kinazama, anavuta. "Hapo sawa," akasema, akaomba chai.

20 Aprili

Kurasa za katikati, ya 12 na ya 13, ni karatasi moja. Kitabu cha pini kinafunguka chenyewe pale na kulala bapa mezani. Kwa miaka nimewaona watu wakizijaza kurasa hizo picha. Mimi nimeweka pale kila kinachohitajika wakati wa kucheza: kuvuta, kushindana, pacha, majeraha, kuvuta tena. Anayecheza hahitaji kufunua popote. Mengine yote, kutengeneza mhusika na mambo ya bahari, yako kabla na baada.

Karatasi ya mhusika nayo imegeuka. Nilijifunza kwa Mothership, mchezo wa anga za juu ulioanza mwaka 2018, ambao karatasi yake inamwongoza mchezaji kumtengeneza mhusika, hatua kwa hatua, stadi zikiunganishwa kwa mistari. Yangu ina namba 1 hadi 6 pembeni na maelezo mafupi chini ya kila sanduku. Mpwa wangu alimaliza mhusika mpya kwa dakika kumi na moja bila kukigusa kitabu.

Kisha tukafika mwisho wa mchezo, kwenye kanuni ninayoipenda kuliko zote katika ukoo huu. Ukifaulu kutumia stadi wakati wa hatari, unaweka alama kando yake. Mwisho wa jioni unavuta kwa kila alama, lakini sasa unataka namba ipite. Ikipita, umejifunza, na stadi inapanda. Mwenye 20 anajifunza karibu kila mara. Mwenye 90 anajifunza kwa nadra. Ilikuwamo kwenye RuneQuest tangu 1978, na kwangu ndiyo hoja kubwa kabisa ya kutumia asilimia, maana namba moja inakuambia unajua kiasi gani na vilevile umebakiza kiasi gani.

Mpwa wangu alikuwa na alama moja, kwenye Kupanda. Akavuta kopa tisa. Akanitazama kwanza, hakuruka. Akavuta shupaza mbili.

"Mjomba, hii imepita."

"Imepita."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo umejifunza."

Akafuta 50 kwa kifutio, akapuliza vumbi, akaandika 56, na chini yake kwa herufi ndogo: *kamba ya foromali*.

4 Mei

Rasimu ya nne, kurasa 24 kamili. Nimeongeza mstari mtupu chini ya kila stadi kwenye karatasi ya mhusika, wa kuandika ulijifunzia wapi. Sura ya upepo na misimu bado dhaifu. Kusi nimekieleza kwa aya tatu na baba mdogo anasema mbili ni za uongo. Kesho jioni anakuja kuzirekebisha, na amesema nisiwashe kompyuta, nichukue daftari.